Kamba ya Urefu wa Baba

Gari lile lilitugharimu cherehani ya mama, redio ya baba, mbuzi wawili tuliokuwa tumefugiwa na ndugu zetu Bombo, bangili za nyanya mzaa mama, na pesa zote ambazo baba alilipwa kwa kuvunjika mgongo kazini. Pesa zenyewe sizitaji. Noti za wakati ule zilikuja kukatwa sifuri, na ukimtajia mtoto wa leo bei ya zamani atakuona tajiri au mwongo, na mimi si tajiri. Lakini vitu havikatwi sifuri. Cherehani ni cherehani. Nimevihesabu tena sasa hivi na ni hivyo hivyo, ukiongeza sufuria moja niliyokuwa nimeisahau.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia nyumbani Kasubi, hapa Kampala, kuliulizia. Limesimama uani chini ya turubai, kuku wanalitagia chini. Kazi yake ni kununua magari ya mizigo yaliyochoka na kuyageuza nyumba za kutembea: kitanda, jiko, pazia. Wageni wanayakodi, wanakwenda kulala porini wasikilize fisi.

"Hao wageni hawana nyumba kwao?" nikamwuliza.

"Wanazo, mama, nzuri sana."

"Na wanalipa ili walale garini?"

"Kwa dola."

Mungu ana watu wa aina nyingi.

Akauvuta mlango wa nyuma, ukalia kilio chake kile kile, na harufu ikatoka kunilaki: sabuni ya mche, ile ya buluu. Miaka yote hii bado imo kwenye mabati. Kabla sijapata la kusema, kijana ameshapanda, amelala chali sakafuni, mikono kifuani, anapima kama gari litamtosha.

"Inuka! Inuka hapo!"

"Nguo zangu ni chafu tu, mama, usijali."

Nguo zake hazikunihusu. Niliona tu mtu akipimwa amelala.

Tuliishi kambi ya polisi, ndani ya kibanda cha bati cha mviringo tulichokiita yunipoti, baada ya ile vita kwisha na watu kuanza tena kupaka nyumba rangi. Baba alikuwa polisi, Mkatoliki wa Nebbi, mbali kaskazini, mrefu hata miguu yake ilikuwa ikitoka nje ya kitanda. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu, mfupi, na mwenye ulimi wa kutosha watu wawili. Kiswahili ndicho kilichowaoza. Siku lori la kazini lilipopinduka, baba alirudishwa kwetu akiwa hawezi kukaa wala kusimama. Kulala chali aliweza, na kubishana.

Huko Nebbi mama yake alikuwa hai, macho yakianza kufunga. Kila mchuuzi wa samaki wakavu aliyeshuka kutoka kwao alileta ujumbe ule ule: mwambieni aje nimshike. Baba alikuwa hajibu kitu, anageukia bati. Basi haliwezi kumbeba mtu asiyeweza kukaa. Usiku hakuna aliyethubutu kupita njia ile, kwa hiyo ilikuwa lazima kulala katikati, na nyumba gani ya wageni ingempokea mtu wa kubebwa na wanaume wanne? Basi mama akaamua kununua gari la mizigo, na nyumba ya wageni aijenge humo ndani, waende nayo.

Hayo yote nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Nilikuwa mtoto wa pekee, wa umri wa kutumwa chumvi.

Nilichokiona ni hiki. Mchana mmoja baba amelala usingizi, mama ameinama juu yake na kamba ya katani. Akaishika utosini, akaishusha taratibu, akafunga fundo begani, fundo kiunoni, fundo unyayoni. Akarudia tena tangu juu, maana mama alikuwa hapimi kitu mara moja. Kisha akaizungusha kamba na kuificha kifuani, akatazama mlangoni kama mwizi.

Kambini kwetu mtu mzima hapimwi akiwa amelala. Fundi wa nguo anakupima umesimama. Anayepimwa amelala ni yule ambaye seremala anamtengenezea sanduku. Sajini mmoja jirani yetu alikuwa amepimwa hivyo hivyo, kwa kamba yenye mafundo. Siku ya pili likaja gari jeupe, limefungwa matawi mabichi mbele ili njia nzima ijue limebeba nani, wakampeleka kwao kuzikwa. Kwa hiyo mimi nilipoona kamba sikuuliza kitu. Nilielewa. Nilielewa vibaya kabisa, lakini kwa uhakika mkubwa.

Kisha tukaanza kuzunguka kutafuta gari, na kila nilichokiona kikanithibitishia.

La kwanza lilikuwa Ggaba, sokoni kwa samaki. Mwenyewe alikuwa Mganda mnene, anaongea huku akifukuza nzi.

"Nnyabo, hii gari haijalala njiani hata siku moja."

"Na hiyo harufu?" mama akauliza.

"Itaisha."

"Itaisha lini?"

"Mukizoea."

Mama akatoa kamba, akaitandika sakafuni. Ikatosha. Ndipo akachota maji kwa kikombe cha bati tulichokuja nacho, akanigeukia. "Zaina, panda. Lala hapo. Leo wewe ndiye baba."

Nikalala chali juu ya magamba ya samaki. Akaniwekea kikombe tumboni, kimejaa pomoni. "Usikishike. Kaa kama hayupo mtu." Wakafunga mlango, wakaendesha mpaka juu kwenye barabara kuu na kurudi. Huko ndani gizani nilijitahidi kuwa maiti mwema. Waliponifungulia, kikombe kilikuwa miguuni na mimi nimelowa hadi shingoni. Mama akalikamua gauni langu mbele ya mwenye gari, taratibu, ili ayaone maji yote.

"Ssebo, hii si gari. Hii ni ngoma."

La pili tulilikuta gereji huko Katwe. Jeupe, safi, bei ya kushangaza. Mama alilizunguka mara mbili, na mara ya pili akainama mbele, akapitisha mkono chini ya bampa. Akatoka na kipande cha kamba ya mgomba kilichokaukia hapo, na jani moja jeusi.

"Hii imekwenda mazishini."

"Mara moja tu, mama," fundi akasema. "Na imerudi vizuri."

Mama akaanza kuondoka. Mimi nikamvuta nguo. Nilikuwa nimechoka, na gauni lingine nilikuwa sina. "Mama, si tuchukue hii? Hii kazi inaijua."

Akasimama. "Kazi gani?"

Nikatazama chini. Mambo ya mauti watoto hawayataji. Mama alinikagua kwa muda mrefu, macho, ulimi, hata kucha, na jioni ile akaninywesha dawa ya minyoo.

Siku hizo nilikuwa nimeanza kumfanyia baba wema uliopita kiasi. Yai langu nilimpa. Miguu yake iliyotoka kitandani niliifunika kwa sweta langu la shule. Niliketi karibu yake nikimtazama ili nisimsahau: kovu la kidevuni, rozari iliyoning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, jinsi alivyokuwa akimeza chai kwa mrija. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Zaina, mbona unaniangalia kama mtu aliyenikopesha?"

"Nakuangalia tu, baba."

"Basi uangalie na huko nje kidogo."

Gari lenyewe tulilipata Kikuubo, kwenye uchochoro ambao ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Mwenyewe alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu, Papa Fideli, muuza sabuni kwa jumla, mtu mzima mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Gari lake la kijivu lilikuwa limebeba sabuni tangu lije mjini.

"Mama, ile gari iko muzuri sana. Iko na roho."

"Roho hata mimi ninayo. Niambie injini."

"Injini iko, mama! Na bei nimepunguza sababu yako."

"Hiyo bei ni ya gari, au na sabuni, na duka, na wewe mwenyewe ndani?"

Wapagazi waliokuwa wakipita na magunia kichwani walicheka bila kusimama. Kamba ikatandikwa, ikatosha, ikabaki nafasi ya mto. Nikapanda bila kuambiwa, nikalala, nikawekewa kikombe. Papa Fideli mwenyewe akaendesha hadi Kasubi, na njia ya Kasubi wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na lami. Nilifumba macho, na ile harufu ya sabuni ikanifunika kama shuka iliyotoka kufuliwa. Nikawaza: baba atanukia vizuri. Nikalia kidogo, bila kutikisa tumbo.

Tuliporudi, maji yaliyokuwa yamemwagika yasingelowesha leso. Mama akachungulia kikombe, akakinyanyua kwenye mwanga, akachungulia tena, akanywa yaliyobaki. Kisha akanifungia humo ndani nisiharibu bei kwa kufurahi, naye akabaki nje kupatana. Yaliyosemwa nilikuja kuambiwa na mama nikiwa mtu mzima.

"Mama, unataka kubeba nini?" Papa Fideli aliuliza.

"Mume wangu. Nampeleka kwa mama yake."

"Eh, pole. Ni marehemu?"

"Angekuwa marehemu ningekodi. Marehemu unalipia kwenda tu. Huyu lazima nimrudishe."

Mama alisema mzee yule alivua kofia yake ya sufu, akaivaa tena. Mama yake mwenyewe alikuwa amebaki ng'ambo ya mpaka, na hakujua lini angemwona. Bei ikashuka. Haikushuka sana, biashara ni biashara, na cherehani ndiyo iliyojazia pengo. Lakini wakati wa kuondoka alitupa ndani katoni ya vipande vya sabuni vilivyovunjika, akasema aliyelala siku nyingi anahitaji kuoshwa.

Mafundi wa Katwe wakaligeuza. Walichomelea kitanda cha vyuma, wakakisuka kwa mipira ya ndani ya matairi ili kisidunde. Walitengeneza kabati la jiko la mkaa, na mahali pa dumu la maji pasipoyumba. Walichomelea pete nene darini. Na ubavuni, chini mno, karibu usawa wa kitanda, mama akawaamuru wakate dirisha.

"Mama, hapo chini nani ataona?" fundi akauliza.

"Atakayelala."

Ningekuwa na akili, dirisha lile lingenifumbua macho. Lakini mtoto akishika wazo lake ni kama mbwa na mfupa. Dirisha, nikajieleza, ni ili baba aione njia, aweze kuturudia ndotoni. Pete ni ya kutundikia rozari. Jiko ni letu sisi waombolezaji. Beseni la choo lenye mfuniko ndilo lililonisumbua siku nzima, mwisho nikaamua ni la dereva.

Dereva alikuwa Opio, konstebo rafiki wa baba. Alfajiri ya safari wanaume wanne walimtoa baba kwa blanketi, mama akiwapigia kelele kama wanabeba kabati la vioo. Mimi nilikuwa nimetangulia nje. Nilikata matawi mabichi kwenye ua wa kambi, nikayafunga mbele ya gari kwa kamba ya mgomba, kulia na kushoto, kama nilivyoona kwa sajini. Sikutaka baba aende kama mzigo wa sabuni. Mama alipanda nyuma pamoja naye bila kupita mbele. Opio aliyaona matawi. Aliyatazama, akamtazama mama kwa heshima mpya, akatikisa kichwa, akawasha gari. Baadaye alisema alidhani ni mbinu ya mama.

Kama ilikuwa mbinu, ilikuwa nzuri. Vizuizi vilikuwa vingi, na kila kizuizi kilikuwa na mdomo wake. Lakini sisi tulipokaribia, gogo liliondolewa. Wanajeshi walivua kofia. Waendesha baiskeli walishuka. "Poleni sana," wakasema. "Endeni salama." Hakuna aliyeomba pesa ya soda. Mimi niliketi mbele na Opio, shingo imesimama, nimejaa huzuni na fahari.

Nyuma, baba alikuwa ameishika ile pete ya darini, amegeuza uso dirishani. Alimwambia mama, "Unaona? Bado wananikumbuka."

Kabla ya kuvuka mto Nile pale Karuma palikuwa na kizuizi cha mwisho cha siku ile. Mwanajeshi kijana mno, bunduki ikimzidi, aliuliza, "Ni nani huyu?"

"Polisi," Opio akajibu.

Kijana akanyoosha mgongo. Akaja ubavuni mwa gari, akapiga mguu chini, akakaza, akapiga saluti mbele ya dirisha. Na kutoka ndani, kwa sauti ya paredi niliyokuwa sijaisikia tangu lori lipinduke, baba akasema:

"Mguu pande, kijana."

Kofia ya mwanajeshi iliangukia upande mmoja, yeye upande mwingine. Alipoinuka alichungulia dirishani kwa mbali, akakuta jicho linamtazama.

"Afande... wewe ulikufa mpaka wapi?"

Mama alifungua mlango, akateremka, akazunguka mbele. Akayaona matawi. Akamtazama Opio. Opio akanitazama mimi.

"Zaina. Haya umeyafunga wewe?"

"Ndiyo."

"Nani amekufa?"

"Baba."

"Amekufa lini?"

"Bado," nikasema, na hapo kilio chote nilichokuwa nimekibana chini ya vikombe vya maji kikatoka kwa mkupuo: kamba, kambi, sajini, sabuni. Sijui kama waliielewa hata nusu. Nilisikia tu gari likitikisika. Baba alikuwa anacheka huko ndani, anacheka na kuugulia mgongo, anaomba asichekeshwe, anacheka tena.

"Leteni maiti wangu mdogo," akasema.

Nikapanda, nikalala kando yake kwenye ile mipira. Mkono wake ulinukia sabuni ya buluu. Akaninong'oneza, mama asisikie, kwamba siku ile ya kamba hakuwa amelala usingizi. Alifumba macho ili mama asione haya. "Nikavuta na vidole vya miguu," akasema, "nikajinyoosha mpaka mwisho. Nilitaka aninunulie gari kubwa."

Nje, mama alikuwa ameanza kufungua matawi. Opio akakohoa. "Mama Zaina, mbele bado kuna vizuizi."

Mama akasimama na fundo mkononi, akapiga hesabu kwa midomo. Kisha akapiga tena. Akalikaza fundo upya.

Tulilala pale pale, milango wazi upande wa mto, chai ikichemka ndani ya gari. Kesho yake baba alikufa bila gharama mpaka daraja la Pakwach, ambapo mama aliyang'oa matawi kwa mkono wake na kuyatupa Nile, maana mama mkwe hawezi kufikishiwa mtoto wake kwa mzaha wa namna hiyo. Tulipofika Nebbi, nyanya mzaa baba alikuwa amekaa mlangoni. Hakungoja mtoto ashushwe. Alipandishwa yeye garini. Akamshika uso, mabega, kiuno, akashuka kwa viganja hadi unyayoni, amelala vile vile, na hakuna aliyesema mtu hapimwi hivyo.

"Umerefuka," akasema.

Baba akageuza uso. Safari hii hapakuwa na bati la kutazama, kulikuwa na dirisha.

Mama alimrudisha Kampala, kama alivyomwambia Papa Fideli. Tulikwenda na kurudi likizo nyingi, na gari lile ndilo nyumba pekee ambamo tulikuwa hatutamani kuwa pengine. Baba alipokufa kweli, mimi nikiwa na biashara yangu Kikuubo na mama akiwa ametangulia, nililitoa gari, nikafunga matawi mwenyewe, kulia na kushoto. Njia ilikuwa imebaki na kizuizi kimoja. Polisi kijana akavua kofia, akakaza. Nikatega sikio nyuma. Nikangoja hata dereva akaniangalia. Ikabidi niseme mimi.

"Mguu pande, kijana."

Sasa huyu kijana wa nyumba za kutembea ametaja bei yake, na ni bei nzuri. Nimeigeuza kila upande sijaona tundu. Mipira ya kitanda ataing'oa, imeoza. Pete ataiacha, ataning'iniza taa. Ila dirisha anataka kuliziba na kukata jingine juu, usawa wa mtu aliyekaa, kwa sababu, anasema, hakuna mgeni atakayelipa dola kutazama nje akiwa amelala. Mimi nimepatana maisha yangu yote, na sijui dirisha linatajiwa bei gani. Gari nalo linaoza. Mwaka mwingine wa mvua na hata kuku watahama.

Ninyi mliozaliwa siku zangu, ambao mmewahi kuuza kitu walichokilalia wazazi wenu, naombeni ushauri. Nimwuzie kwa sharti kwamba dirisha libaki pale pale lilipo, au nilirudishie gari turubai lake? Anakuja Jumamosi na futi yake ya chuma. Kamba ya mama ninayo bado.